Asili ya Achari

Pale Ngamiani, Tanga, ukimwulizia Mwamvua binti Uweso, watu watakutazama tu. Ulizia Kiguu na Njia, na hapo hata mtoto atakushika mkono akufikishe. Jina hilo alipewa na mumewe, Badru fundi baiskeli, mwaka wa pili wa ndoa yao, na mtaa ukalipokea kwa sababu lilimkaa sawasawa. Ana miaka hamsini na minne, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi akamaliza kikombe cha chai. Hukianza barazani, akakiendeleza jikoni, na jioni kikombe huokotwa juu ya ukuta wa jirani kimejaa sisimizi.

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni Ngamiani," Badru humwambia kila anapomwona anatafuta viatu. Methali yenyewe husema ngamani, yaani tumboni mwa chombo, lakini Badru ameigeuza makusudi kwa ajili ya mkewe, tena haoni haya.

Kinachomtembeza ni achari. Kila mwaka maembe yanapoanza kukaza kokwa, ua wa nyumba yake huwa kiwanda. Vipande vya embe bichi vilivyopigwa chumvi huanikwa juu ya mikeka, mafuta ya ufuta huchemka jikoni, na harufu ya uwatu na pilipili huwapigisha chafya wapita njia. Upishi huo aliurithi kwa bibi yake mzaa mama, Bi Mwantumu, ambaye ujana wake wote alikuwa mpishi wa Mhindi mmoja tajiri kule Usagara, mtaa mwingine wa mji huohuo. Ndiyo maana karatasi ya chupa imeandikwa, kwa wino mwekundu alioutaka mwenyewe: ACHARI YA KIHINDI, BI MWAMVUA, TANGA.

Na kisa chake anacho, cha kumlainisha mteja. Siku moja bi mkubwa wa nyumba ile alipata wageni wa heshima. Wageni wakaonja achari, wakalamba vidole, wakauliza imetoka wapi. Bi mkubwa akajibu bila kupepesa, "Tumeiagiza Bombay." Na Bi Mwantumu yuko nyuma ya mlango, vidole bado vina manjano! Aliichanganya yeye mwenyewe juzi yake, tena kwa ukwaju na mafuta ya ufuta, vitu ambavyo bi mkubwa hakuwahi kuvitia katika achari tangu azaliwe. Mwamvua akifika hapo hujishika mbavu kwa kicheko, mteja hucheka naye, na chupa hununuliwa. Kisa hicho kimeuza achari miaka ishirini. Kilikuwa na kipande kingine mwishoni, lakini hicho alikuwa hakisimulii, kwa sababu hakichekeshi.

Mwaka huu msukosuko ulianzia mkutanoni. Wafanyabiashara wadogo waliitwa katika ukumbi mmoja Usagara, Jumatatu asubuhi, kuulizwa maoni yao juu ya biashara na Kenya. Mtaalamu aliyesimama mbele alieleza kwamba kwa mkataba uliopo kati ya nchi zetu hizi jirani, kitu kilichotengenezwa hapa huvuka kwenda kule bila ushuru wa forodha, mradi kiwe na cheti kinachoonyesha asili yake. Wakubwa walitaka kujua wadogo wanasemaje. Mlango huo upanuliwe, au uachwe ulivyo?

Wa kwanza kusimama alikuwa Nehemia, Msambaa mwenye karakana ya sosi ya nyanya, mtu wa kupima maneno kama anapima dawa. "Wenzetu wana mitambo," alisema. "Kabla mimi sijawasha jiko, wao wameshajaza chupa elfu. Mlango ukipanuliwa, sisi hatutatoka. Wao ndio wataingia. Na wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sosi yangu inauzika hapa hapa. Niende Kenya kutafuta nini?"

Watu wakapiga makofi, na tuseme kweli, hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Lakini Mwamvua alikuwa amesimama karibu na mlango, kama kawaida yake, na neno lile la kujitembeza lilimchoma kwa sababu alijua linamhusu nani.

"Chema chajiuza, kaka Nehemia, sikatai," alisema kabla hajapewa nafasi. "Lakini chema kikifungiwa ndani kitajiuza kwa nani? Kwa panya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakungoja kiishe.

"Mie mama yangu mdogo amezikwa Vanga. Shangazi zangu wako Lunga Lunga mpaka hivi leo. Harusi inavuka mpaka. Msiba unavuka. Hata mafua yanavuka! Chupa ya achari peke yake ndiyo isimamishwe, iulizwe inakwenda kwa nani? Na tusidanganyane, jamani, vitu vinavuka. Vinavuka vichakani, vichwani mwa watu, na anayefaidi ni mwenye kichaka. Mie sitaki kuvusha achari yangu kama niliyeiiba. Nataka nipite mlango wa mbele, mchana kweupe, na cheti changu mkononi. Na hao wenye mitambo wakija, waje. Achari yao nshaionja."

Nehemia alicheka pamoja na wengine, maana si mtu wa kinyongo. "Haya, dada, tangulia wewe," akasema. "Ukipita salama mimi nitakufuata, na sosi yangu."

Hivyo ndivyo Mwamvua alivyojifunga kwa ulimi wake mbele ya watu wapatao mia. Nje ya ukumbi Praxeda alimshika mkono. Huyu Praxeda ni mkulima wa Mwera, Pangani. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge, na shamba la mkonge lilipokufa akanunua kipande cha ardhi, akapanda miembe. Akamwachia binti yake miti arobaini na rozari. Kila mwaka dalali huja na lori, huyatazama maembe yakiwa mtini, hutaja bei anayoitaka yeye, na Praxeda hukubali kwa sababu hana mwingine.

"Ulilosema mle ndani unalimaanisha?" Praxeda aliuliza.

"Wallahi."

Maana walikuwa na mpango wao. Bi Chiku, mwenye duka Ukunda kule Kenya, alikuwa amempa Mwamvua neno: lete chupa mia na ishirini, halali, zisizo na ushuru wala maneno, zifike Alhamisi. Zikifika, nitachukua kiasi hicho kila mwezi mwaka mzima. Na kwa kazi ya mwaka mzima Mwamvua angehitaji maembe yote ya Praxeda, miti yote arobaini, yaanguliwe sasa hivi yakiwa mabichi.

Hapo ndipo penye mtego. Achari hutaka embe changa, gumu. Dalali hutaka embe lililokomaa. Embe likishaanguliwa changa dalali halitazami, na kulirudisha mtini hakuna awezaye. Dalali alikuwa ameahidi kuja Alhamisi alasiri kutoa neno lake la mwisho.

"Chupa zikivuka, nipigie, nitaangua," alisema Praxeda. "Zisipovuka nitampa dalali. Lakini usinichezee, Mwamvua. Ile miembe ndiyo baba yangu niliyebaki naye."

Mwamvua alimwapia, kisha akaondoka karibu anakimbia.

Jumanne akaenda ofisini kutafuta cheti. Dirishani alikaa Precious, binti mpole wa miaka ishirini na kitu, na nyuma ya Mwamvua kulikuwa na foleni ya watu tisa. Kiti kilikuwepo, hakukikalia. Alisimama mguu mmoja kama korongo, akigonga kaunta kwa vidole. Nje alikuwa amemwacha Lucas, dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na Lucas alikuwa akipiga honi.

"Jina la bidhaa, mama?"

"Achari."

"Asili yake?"

Yarabi, swali gani hili la kumwuliza Mwamvua! Swali hili ameulizwa na wateja miaka ishirini, kila soko, kila maonyesho. Jibu lilikuwa limekaa mdomoni tangu asubuhi.

"Asili yake Uhindini, mwanangu. Ya Kihindi haswa."

Precious aliinua macho. "Una hakika, mama?"

"Hakika? Nani ajuaye zaidi yangu?" Na papo hapo akaanza: bibi yangu alikuwa mpishi, Mhindi wa Usagara, wageni, Bombay. Alipofika Bombay foleni nzima ilikuwa inacheka, na mzee mmoja wa nyuma alimwomba akirudie. Precious naye akatabasamu, akaandika alichoambiwa, akachapa, akamsogezea asome na atie sahihi. Mwamvua alitia sahihi. Kusoma hakusoma. Miwani ilikuwa nyumbani na Lucas alikuwa anapiga honi. Ulimi hauna mfupa, na siku ile wa kwake ulikwenda mbali kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kwenda.

Jumatano saa tatu asubuhi kirikuu kilikuwa Horohoro, mpakani, na makasha kumi ya chupa kumi na mbili kumi na mbili nyuma yake. Mwamvua alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Afisa wa forodha wa upande wa Kenya, kijana mtaratibu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alikisoma cheti mara moja, akakirudia.

"Mama, hii bidhaa ni ya India?"

"Ya Kihindi, ndiyo," alisema Mwamvua kwa fahari.

"Basi itabidi ilipiwe ushuru wote, kama bidhaa yoyote ya India."

"India wapi? Hii nimeipika mimi! Ngamiani, uani kwangu!"

"Cheti chako chasema India, na wewe umesema vivyo hivyo sasa hivi mbele yangu." Afisa hakuwa na ukali. "Mkataba ni wa vitu vyetu sisi kwa sisi, mama. Vya mbali vina njia yao. Nikipitisha vya India kwa jina la Tanga, kesho mpunga wa Wachina nao utaitwa wa Tanga, na mkulima wako na wangu wote wawili wataumia."

Ubaya wa jambo lile ni kwamba Mwamvua aliliona ni kweli. Alizunguka kirikuu mara tatu. Alikaribia kulia, kisha akakaribia kutukana, na vyote viwili akavimeza. Lucas aliyekuwa ameegemea mlango akitafuna karanga alimwinamia sikioni.

"Mama, usijitese. Kuna jamaa wa bodaboda wanapita huko nyuma. Kabla ya adhuhuri chupa zote ziko Lunga Lunga. Nimpigie mmoja?"

Na hapa nisimpambe. Alitamani. Miguu ilikuwa inamwasha kwenda. Bi Chiku angepata chupa zake, Praxeda angeangua maembe, na nani angejua? Alikwisha hata kufungua mdomo kusema mpigie. Kisha akamkumbuka Nehemia na ule ukumbi, na ile sauti yake mwenyewe ikitangaza mlango wa mbele mchana kweupe.

"Geuza gari," alisema.

Njiani simu ikalia. Ni Praxeda. "Zimevuka? Niangue?"

"Bado kidogo. Ngoja kesho."

"Kesho ndiyo Alhamisi, Mwamvua."

"Najua kesho ni Alhamisi!" Alimfokea mtu asiye na kosa, akajuta kabla hajakata simu.

Nyumbani alimsimulia Badru akiwa anatembea chumba kizima, na alikuwa na mengi ya kusema juu ya wasichana wa siku hizi wanaoandika wasichoelewa. Badru alikuwa akiziba pancha ya mpira wa baiskeli. Alimwacha amalize.

"Binti wa watu ameandika ulichomwambia," alisema. "Ulimi wako ndio uliokwenda India. Wewe mwenyewe hata Pemba hujafika."

Usiku ule usingizi haukumjia.

Alhamisi ofisi ilipofunguliwa ilimkuta mlangoni. Precious alimwamkia shikamoo, akasikiliza, na wala hakumlaumu. Akavuta karatasi mpya.

"Mama, leo usinipe kisa. Nijibu ninachouliza tu. Maembe yametoka wapi?"

"Mwera."

"Ufuta?"

"Handeni."

"Ukwaju?"

"Mti wa jirani. Matawi yanaangukia kwangu."

"Pilipili manga?"

"Ya Amani, mlimani."

"Na hii haradali?"

Mwamvua alisita. "Ya dukani. Hiyo pengine ni ya India kweli. Lakini ni kijiko cha chai tu kwa chupa."

"Chupa zenyewe?"

"Nairobi."

Precious alicheka kidogo. "Kwa hiyo chupa zinarudi kwao. Haya, nani amepika?"

"Mimi."

"Wapi?"

"Ngamiani."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu." Alitaka kuongeza neno, akajizuia.

"Basi asili yake ni Tanzania, mama. Cheti hakiulizi upishi ulisifiwa kwa jina la nani. Kinauliza kitu kimeota ardhi ipi na kimetengenezwa kwa mikono ya nani." Akamgeuzia karatasi. "Soma kabla hujatia sahihi."

Safari hii miwani alikuja nayo. Alisoma neno kwa neno, na Precious akamngojea.

Saa saba kasorobo walikuwa Horohoro tena. Afisa alikisoma cheti kipya, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba kasha moja lifunguliwe. Akatoa chupa. Akaitazama. Akaigeuza, ili Mwamvua naye aione.

ACHARI YA KIHINDI.

"Cheti chasema Tanzania," alisema, "na chupa yasema India. Nimwamini yupi?"

"Hilo ni jina tu, mwanangu!"

"Jina ndilo analosoma mnunuzi. Mama, mimi nataka kukupitisha, wallahi nataka. Lakini siwezi kugonga muhuri juu ya kitu kinachobishana na cheti chake. Ondoa maneno hayo mawili, uniite."

Chupa mia na ishirini. Mwamvua alitazama jua, akatazama makasha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mahali pa kukimbilia. Akatandika kanga yake sakafuni penye kivuli cha jengo, akakaa chini, akakunja miguu. Lucas akaleta ndoo ya maji na tambaa, akatoa funguo za gari, naye akakaa. Tambaa likalowesha karatasi, ncha ya ufunguo ikakwangua. YA ikatoka upesi. KIHINDI ilikuwa imeng'ang'ania, maana gundi alichagua mwenyewe ile kali.

Chupa ya kumi, ya ishirini. Kucha zikaanza kuwa nyekundu kwa wino. Simu ikalia.

"Dalali keshafika," alisema Praxeda kwa sauti ya chini. "Lori liko chini ya miembe. Niangue, nisiangue?"

"Mpe maji ya kunywa."

"Nimempa."

"Mpe chakula."

"Anakula. Ameomba na pilipili. Mwamvua, akinawa mikono atataka jibu."

"Kama anakula ubwabwa mwongeze."

Aliendelea kukwangua. Kazi ya namna ile huacha akili ikizurura, na akili ya Mwamvua, iliyozoea kuzurura pamoja na miguu, sasa ilikuwa peke yake. Kwenye chupa ya arobaini na kitu ilifika Usagara, nyuma ya mlango, kwa Bi Mwantumu. Alikuwa na miaka saba aliposimuliwa kisa kile mara ya kwanza, amelala mapajani mwa bibi yake, na aliuliza swali ambalo watoto huuliza. "Ukafanyaje, bibi? Aliposema Bombay, ukafanyaje?"

Bi Mwantumu hakucheka. Alimwambia, "Nikarudi jikoni nikaosha vyombo."

Kipande hicho ndicho alichokuwa akikiacha miaka ishirini, kwa sababu hakiuzi. Akaitazama chupa iliyokuwa mkononi. Bi mkubwa yule alidanganya mara moja tu, mezani pake, kwa kuona haya kumtaja mpishi. Yeye mjukuu aliuchukua uongo uleule, akaupeleka kwa mpiga chapa, akaulipia wino mwekundu. Hasira ilimpanda, na haikuwa ya mtu mwingine yeyote. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye rangi, na Lucas akajifanya anatafuta karanga mfukoni.

Walikuwa wamebakiza chupa zisizofika kumi aliposikia sauti anayoijua.

"Mwamvua! Umekaa chini? Nani amekufa?"

Ni Bi Chiku, mama mnene wa leso mbili, aliyekuwa amengoja upande wa pili tangu asubuhi na sasa amechoka kungoja. Katika miaka yote ya kujuana kwao hakuwahi kumwona mwenziwe ameketi, na kweli alikuwa ameingiwa na hofu. Mwamvua alijaribu kuinuka, miguu ikawa na ganzi.

"Hakuna msiba. Nisamehe, shoga yangu. Imebidi niondoe Kihindi." Akamwonyesha chupa yenye kovu jeupe katikati ya karatasi: ACHARI, kisha pameparuka, kisha BI MWAMVUA, TANGA. "Najua uliagiza ya Kihindi. Kama wateja wako hawataitaka hivi, niambie sasa hivi. Usinifiche. Kuna mtu Mwera anangoja neno langu."

Bi Chiku aliishika chupa, akaisogeza mbali na macho ili aione vizuri.

"Ya Kihindi nani alikwambia nataka?" aliuliza. "Kule kwetu watu wakija dukani wasema, Bi Chiku, nipe achari ya Tanga. Tangu ulipoanza kuniletea zile chupa mbili tatu mkobani, jina lake ni hilo, achari ya Tanga. Haya maandishi yako mekundu mie nilidhani ni jina la kiwanda kilichotengeneza chupa."

Mwamvua alimtazama. Alitaka kucheka, na kicheko kikagoma. Mpaka mzima, mtu na mtoto, walijua achari ile ni ya wapi, na aliyekuwa hajui ni yeye peke yake aliyeipika.

"Aliyeianza ni bibi yangu," alisema. "Anaitwa Mwantumu."

"Basi mwandike," alisema Bi Chiku. "Nafasi si hiyo hapo umekwisha kuiparua?"

Afisa alikuja, akapitisha macho kwenye makasha, akainua chupa moja hapa na moja pale. Akaenda mezani, akarudi na cheti kimegongwa muhuri, na wino wake bado ulikuwa haujakauka.

Simu ikalia mkononi mwa Mwamvua kabla hajaipiga.

"Ananawa mikono," alisema Praxeda. "Mwamvua, ananawa. Niangue, nisiangue?"

"Angua."

"Yote?"

"Yote, Praxeda. Angua."

Mwamvua alikuwa bado amekaa chini, mgongo ukutani. Upande ule mwingine wa simu alimsikia Praxeda akimwambia mtu kwa adabu kwamba ahsante, mwaka huu maembe hayauzwi, na lori lisogezwe kidogo maana liko chini ya mti. Kisha akasikia ngazi ikiegemezwa kwenye shina, na tawi likitikisika.